Dawa Inayojipeleka Kwenye Ini

Ukimdunga mtu chembe nano za mafuta mshipani, bila kuzipa anwani yoyote, nyingi zitaishia kwenye ini. Hazitakwenda kwenye ubongo wala mapafu, wala kwenye titi lenye uvimbe. Watafiti wengi wa Ulaya na Marekani wamelalamikia jambo hili kwa miaka, maana wagonjwa walio mbele yao wana saratani ya matiti, ya tezi dume, ya ngozi, na dawa inayokimbilia ini kabla ya kufika huko kwao ni hasara. Mimi niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, naangalia kaskazini kuelekea Kalehe, na jambo hilohilo naliona kwa jicho jingine.

Wasikilizaji wa Ihusi, Nyabibwe, Minova, Bunyakiri na Kalonge, nanyi ndugu zetu wa Idjwi mnaotupata kwa mawimbi ya kubahatisha, leo nazungumza juu ya njia mpya ya kupambana na saratani: kuchukua jeni, au nakala ya maelekezo ya jeni, kuifungasha ndani ya chembe ndogo mno ya mafuta, na kuituma hadi ndani ya seli iliyoharibika. Nitakaa kwenye ini kuliko mahali pengine, na sababu mtaiona.

Ukubwa kwanza. Igawe milimita moja mara milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Chembe ninazozisema zina upana wa nanomita 80 hadi 100 hivi, na unywele wa kichwani mwako una nanomita kama 80,000. Ndani ya chembe hiyo kuna uzi wa RNA au DNA, yaani maandishi ambayo seli huyasoma ili itengeneze protini. RNA ukiiingiza tupu kwenye damu inakatwakatwa upesi sana, kwa hiyo inavikwa mafuta ya aina nne. Ya kwanza ni kolesteroli, hiyohiyo ambayo madaktari wanawaonya wazee wetu. Ya pili inafanana na utando wa seli zetu. Ya tatu inakaa nje ili kinga ya mwili isiikamate chembe mapema. Ya nne ndiyo yenye ujanja: ikiwa katika damu imetulia, haina chaji ya umeme, ikishamezwa na seli na kufungiwa ndani ya kifuko chenye asidi, inapata chaji, inakipasua kifuko, na mzigo unamwagika ndani ya seli. Pieter Cullis na wenzake wa Vancouver walitoa miaka mingi ya kazi yao kutafuta mafuta ya namna hiyo.

Na baadhi yenu mmeshawahi kuwa nazo mwilini. Aliyechanjwa dhidi ya Covid kwa Pfizer au Moderna alidungwa chembe za ukoo huohuo zikiwa zimebeba RNA. Ile ya AstraZeneca, iliyotua Kinshasa Machi 2021, ilikuwa ya namna nyingine. Mzigo wake ulibebwa na virusi vya sokwe vilivyonyimwa uwezo wa kuzaliana. Mwaka 2023 Katalin Karikó na Drew Weissman walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha namna ya kuirekebisha RNA ili mwili usiipokee kama adui. Mtakumbuka maneno yaliyozagaa wakati ule, kwamba sindano inabadilisha jeni za mtu. RNA ya chanjo haiingii kwenye kiini cha seli, mahali jeni zinapokaa. Inasomwa kwa siku chache, kisha inavunjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mazungumzo ya leo jeni zitatajwa sana, na sitaki mtu azime redio kwa hofu.

Kabla ya mafuta, waliojaribu tiba ya jeni walitegemea virusi. Virusi ni wajuzi wa kuingia ndani ya seli, kazi yao ndiyo hiyo. China iliidhinisha mwaka 2003 dawa iitwayo Gendicine, virusi vya mafua vilivyobebeshwa jeni ya p53, ambayo nitaieleza mbele, kwa ajili ya saratani za kichwa na shingo. Lakini virusi vina ugomvi wa zamani na kinga yetu. Septemba 1999, huko Philadelphia, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alifariki siku chache baada ya kudungwa virusi vilivyobeba jeni ya kumtibu ugonjwa wa ini aliozaliwa nao. Mwili wake uliwaka wote kuvipinga vile virusi. Tiba ya jeni ikarudi nyuma kwa miaka, na wengi wakaanza kutafuta mbebaji asiye na ugomvi huo. Mafuta yakawa jibu mojawapo.

Nifungue mabano kidogo. Dawa ya kwanza ya nano iliyoidhinishwa Marekani dhidi ya saratani ilikuwa Doxil, Novemba 1995: dawa ya zamani ya kemikali, doksorubisini, iliyofungwa ndani ya vipovu vya mafuta na Waisraeli wawili, Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon. Iliidhinishwa kwa saratani gani? Sarkoma ya Kaposi, kwa wagonjwa wa UKIMWI. Sasa Kaposi ni saratani ambayo madaktari wa mashariki mwa Kongo na Uganda waliijua miguuni pa wakulima hata kabla UKIMWI haujapata jina. Daktari John Ziegler, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya saratani ya Kampala, alipendekeza mwaka 1993 kwamba huenda udongo wa volkano unachangia, vumbi lake laini likipenya nyayo za mtu anayelima pekupeku na kuziba njia za limfu. Ni pendekezo, halijathibitishwa. Lakini angalieni mpangilio wake: saratani yenye makazi ya zamani huku kwetu ndiyo iliyofungulia dawa za nano mlango, na ulifunguliwa kwa sababu saratani hiyo ilifika New York na San Francisco. Mabano nimeyafunga.

Chembe za nano zina shida ya njiani. Lori likitoka Bukavu na magunia kwenda Minova, kila bariera linaacha kitu. Chembe nayo ina bariera zake: wengu unaichuja, seli walinzi wa ini wanaimeza, ukuta wa mshipa unaizuia, uvimbe wenyewe una shinikizo linaloisukuma nje, na hata ikiingia ndani ya seli inaweza kufia kwenye kile kifuko cha asidi. Mwaka 2016 timu ya Warren Chan wa Toronto ilikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi zikiwa za panya, ikauliza swali moja: katika chembe zilizodungwa, ngapi zilifika kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Haikufika hata moja kwa mia. Makala ile iliwakera wengi, na mimi naiona ni ya uaminifu kuliko matangazo mengi ya makampuni.

Ila ini ni habari nyingine. Chembe ikishaingia kwenye damu inavaa protini iitwayo apolipoprotini E, hiyohiyo inayosindikiza mafuta ya chakula kwenda kwenye ini. Seli za ini zina milango ya kuipokea, na kuta za mishipa midogo ndani ya ini zina matundu ambayo chembe ya ukubwa huu inaweza kupita. Hakuna aliyelazimika kuzionyesha njia. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya RNA iliyobebwa na chembe za mafuta, Onpattro, iliyoidhinishwa mwaka 2018, inafanya kazi yake kwenye ini, ingawa ugonjwa inaoutibu ni wa mishipa ya fahamu: protini mbovu inayoleta ugonjwa huo inatengenezwa na ini. Mwaka 2025, tena huko Philadelphia, mtoto mchanga alirekebishwa herufi moja ya jeni yake kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ikabebwa na chembe za mafuta hadi kwenye ini.

Basi tuje nyumbani. Baba wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa milimani kuelekea Numbi au mvuvi wa sambaza huku chini ziwani, anaanza kukonda. Bugali haumpiti tena kooni. Ubavu wa kulia unauma, macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji. Kabla hajafikishwa kwa daktari, familia imeshakaa kikao na jibu limepatikana: karuho. Amelishwa sumu. Anatafutwa mtu wa dawa za kutapisha, na anatafutwa pia mkosaji: mke wa kaka yake, jirani waliyegombea mpaka wa shamba, mwenzake aliyemnunulia pombe ya kasiksi jioni fulani. Mgonjwa anakunywa mizizi ambayo ini lake lililochoka haliwezi kuimudu. Akifa, kuna nyumba inaweza kuchomwa.

Sitawacheka wanaosema karuho. Dalili wanazoziona ni za kweli, na woga wao umelelewa na miaka mingi ya vita ambamo watu wamedhuriana kweli. Tena katika jambo moja wako karibu na ukweli kuliko wanavyodhani: mara nyingine sumu ipo. Ila haikutiwa na jirani. Iliota kwenye mahindi.

Inaitwa sumukuvu, wataalamu husema aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu au zilizohifadhiwa vibaya, na ninyi mnajua ilivyo kuanika nafaka kwenye milima yetu: mvua inaanza Septemba na inaweza kufika Mei, turubai linatandazwa kando ya barabara, wingu likitanda kila kitu kinarudishwa ndani, kesho yake hivyohivyo. Kupika hakuiondoi. Ikiwa nyingi kwa mara moja inaua upesi. Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu. Ikiwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, inafanya kazi nyingine ya taratibu. Inaharibu jeni ndani ya seli za ini.

Na ina mshirika, virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hospitalini mnavisikia kwa jina la hepatiti B. Watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai, wakapima mikojo na damu zao, kisha wakangoja kuona nani atapata saratani ya ini. Aliyekuwa na dalili za sumukuvu peke yake alikuwa na hatari mara tatu na zaidi kidogo ya asiye na kitu. Aliyekuwa na virusi vya B peke yake, mara saba. Aliyekuwa navyo vyote viwili, karibu mara 60. Hesabu hiyo nawaomba muisikie tena: tatu, saba, sitini. Havijumlishwi, vinazidishana, na zaidi.

Mwaka 1991 zilitokea taarifa mbili kwa pamoja katika jarida la Nature. Timu moja ilikuwa imechunguza saratani za ini za wagonjwa wa Qidong, China, na nyingine za wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Zote mbili zilikuta kitu kilekile. Katika jeni ya p53, kwenye nafasi ya 249, herufi G ilikuwa imegeuka kuwa T. Jeni ya p53 kazi yake ni kuisimamisha seli yenye kasoro isiendelee kujigawa, au kuiamuru ife. Ikivunjika, seli mbovu inajizalia bila wa kuizuia. Na kuvunjika kwa namna hiyo, herufi hiyo, mahali hapo, ni alama inayoachwa na sumukuvu. Ukitaka kujua nani alimpa marehemu sumu, pengine jibu limo ndani ya jeni hiyo, wala si jina la mtu wa kijijini.

Sasa unganisheni vipande. Jeni ya p53 ndiyo ambayo tiba ya jeni imejaribu kuirudisha tangu mwanzo, kwa virusi kule China, na kwa chembe za mafuta kule Georgetown, Washington, ambako Esther Chang na wenzake waliipakia ndani ya chembe yenye alama ya transferini nje yake ili seli za saratani, ambazo zina njaa ya madini ya chuma, ziivute zenyewe. Ini ndilo chembe hizi zinalolipenda. Saratani ya ini ni miongoni mwa saratani zinazoua sana katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara. Kama sayansi ingefuata mahali ugonjwa ulipo, mojawapo ya meza zake za kwanza ingewekwa Katana au Kalehe.

Haikuwekwa, na sitawadanganya kwamba kilichofanyika kwingine kimeshafaulu. Hadi leo hakuna tiba ya jeni ya saratani inayobebwa na chembe za mafuta ambayo imekwisha kupewa kibali cha kuuzwa. Zilizopata kibali zinabebwa na virusi. London, kuanzia mwaka 2016, kampuni ya MiNA Therapeutics iliwapa wagonjwa wa saratani ya ini RNA fupi ndani ya kipovu cha mafuta, ya kuamsha jeni inayolirudishia ini utulivu wake. Wagonjwa waliivumilia, lakini vimbe zilizosinyaa zilikuwa chache. Sababu mojawapo ni ya kusikitisha kidogo: ini linalopata saratani kwa kawaida limeshakuwa gumu kwa makovu, na ini lenye makovu hupoteza yale matundu kwenye mishipa yake. Seli za saratani nazo hazifungui milango kama seli nzima zinavyofanya. Kwa hiyo kufika kwenye ini ni jambo moja, kufika kwenye uvimbe ulio ndani ya ini ni jingine. Anayeuza matumaini bila kulitaja hilo, mwekeeni alama ya kuuliza.

Kwenye saratani ya ngozi habari ni nzuri zaidi. Moderna na Merck wanatengeneza chanjo ya RNA kwa kila mgonjwa peke yake: wanasoma jeni za uvimbe wake, wanachagua alama hadi 34, wanazifungasha kwenye chembe za mafuta ili kinga ya mwili ifundishwe kuzitambua. Katika jaribio lililotangazwa Desemba 2022, waliopewa chanjo hiyo pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi au kufa iliyopungua kwa asilimia 44 kuliko waliopewa dawa hiyo peke yake. Majaribio makubwa zaidi yanaendelea. Ni kazi nzuri, na ni ya gharama ambayo sitaitafuta hata bei yake, maana saratani hiyo ya ngozi huwashika zaidi weupe wa Australia na Ulaya kuliko mtu wa Bunyakiri.

Kinachonivutia mimi ni upande wa virusi vya B. Kampuni ya Precision BioSciences ya North Carolina imetengeneza chembe za mafuta zilizobeba RNA ya mkasi, mkasi wa kukata DNA ya virusi vya B pale ilipojificha ndani ya seli za ini, mahali ambapo vidonge havifiki. Mtu akiondolewa virusi hivyo kabla ini halijawa kovu, anaondolewa pia sehemu kubwa ya hatari ya saratani. Na hapa chembe inakwenda kwenye ini ambalo bado ni zima, ambalo matundu yake yako wazi. Kwangu hiyo ndiyo njia yenye akili zaidi, kuifikia saratani kabla haijazaliwa. Jaribio kwa binadamu lilianza mwaka 2024, na nchi ya kwanza kutoa ruhusa ilikuwa Moldova.

Moldova ni nchi ndogo ya Ulaya ya mashariki yenye watu wachache kuliko mkoa wetu. Siwaonei wivu. Nauliza tu kwa nini majaribio ya dawa ya ugonjwa ambao, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, asilimia 63 ya maambukizo yake mapya yako Afrika, yasiwe na hata chumba kimoja upande huu.

Jibu la kwanza tunalopewa ni barafu. Chembe za RNA zinataka baridi kali, na nyinyi huko hata friji za sola ni za kuhesabu. Hilo nalikataa kwa ushahidi. Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo inatakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 60 za baridi. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 ilibebwa kwa pikipiki na mabegani hadi Beni, Butembo, Mangina, na Agosti 2019 ugonjwa ulipofika Mwenga, mkoani mwetu wenyewe, chanjo nayo ikafuata. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, risasi zikilia. Jibu la pili tunalopewa ni vita: majaribio ya kisayansi hayafanyiki kwenye vita. Nalo nalikataa. Novemba 2018, katika mlipuko huohuo, lilianzishwa jaribio la dawa nne za Ebola, wagonjwa wakapangwa kwa kura kama inavyotakiwa, 681 walikuwa wamehesabiwa lilipokwisha, na Agosti 2019 ikajulikana dawa mbili zinaokoa kuliko nyingine. Mojawapo, mAb114, ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, katika kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake Wamarekani. Vituo vya matibabu vilichomwa moto, wauguzi waliuawa, na bado jibu lilipatikana.

Tofauti ni moja: Ebola inaweza kupanda ndege, na ini la mkulima wa Kalehe halipandi ndege. Nimelisema kwa ukali, nisameheni, lakini silirudishi.

Vifaa vinasogea karibu, lazima tuseme. Cape Town, kampuni ya Afrigen, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ilifaulu mapema 2022 kutengeneza upya chanjo ya RNA ya namna ya Moderna bila msaada wa Moderna. Desemba 2023 BioNTech ya Ujerumani ilizindua kiwanda Kigali, ndani ya makontena yaliyoletwa kwa meli, cha kutengeneza dawa za RNA. Najua jina la Kigali linavyosikika masikioni mwa watu wengi wa Kivu kwa wakati huu, hasa tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025 na ndege za Kavumu zikanyamaza. Sizungumzii siasa hapa. Nasema tu kwamba mashine za kuvika RNA mafuta ziko ng'ambo ya ziwa, mwendo wa siku moja kwa gari, na siku moja mgonjwa wa Minova atakuwa na haja nazo, iwe tunapenda au hatupendi.

Kuna wasikilizaji watakaosema: wewe unatuhubiria nano, na sisi dozi ya kwanza ya chanjo ya hepatiti B kwa mtoto mchanga hatuipati. Wana haki. Kongo inatoa chanjo hiyo ndani ya chanjo ya pamoja iitwayo pentavalenti, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto wa mama mwenye virusi anaweza kuambukizwa siku anapozaliwa, na aliyeambukizwa uchanga wake mara nyingi ndiye anayebaki na virusi maisha yote. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ndani ya saa 24 za kwanza. Afrika, watoto 18 tu kati ya 100 wanaipata. Chanjo hiyo inakaa kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. Kwa waliokwisha kuambukizwa kuna tenofovir, kidonge ambacho wagonjwa wa UKIMWI wanakijua vizuri, kinachokizuia kirusi ingawa hakimalizi.

Lakini sikubali kwamba tuchague. Anayedai dozi ya siku ya kuzaliwa na anayedai jaribio la mkasi wa RNA wanadai kitu kilekile kwenye ini lilelile, mmoja kwa mtoto, mwingine kwa baba yake. Mtoto wa leo ataokolewa na sindano ya bei ndogo. Baba yake mwenye miaka 35, ambaye amebeba virusi tangu utotoni na amekula mahindi yenye kuvu miaka yote hiyo, sindano hiyo haimsaidii tena. Kumwambia angoje zamu yake ya sayansi hadi tutakapomaliza mambo ya msingi ni kumwambia afe kwa utaratibu.

Kitu tunachokosa na ambacho hakihitaji barafu wala Moldova ni hesabu. Anayetaka kufanya jaribio huenda mahali ambapo wagonjwa wamehesabiwa. Kampala ina daftari la saratani tangu miaka ya 1950, linalohesabu watu wa Kyadondo, na watafiti wa saratani wamekuwa wakienda Kampala. Hapa kwetu, Clemmesen, Maisin na Gigase walichapisha Louvain mwaka 1962 ripoti juu ya saratani katika Kivu na Ruanda-Urundi. Ripoti ile wenyewe waliiita ya awali. Miaka zaidi ya sitini imepita, na mwenye kutaka kujua saratani ngapi za ini zinatokea kati ya Katana na Minova hana pa kufungua.

Kipimo cha hepatiti B ni tone la damu na robo saa ya kungoja. Wauguzi wa Kalehe, Minova, Bunyakiri na Kalonge kila wiki wanaandika malaria, surua na kipindupindu, hata katika wiki zile za Mei 2023 baada ya maji kuwazika watu zaidi ya 400 wa Bushushu na Nyamukubi. Mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji na macho ya manjano anahitaji mstari wake kwenye daftari hilohilo: umri, kijiji, jibu la kipimo, na alichokuwa akila msimu wa mvua.